Fundi bomba wa Komarock anayesafisha maji ya bahari kwa povu

Mutheu Kivuva anapanda kwenye kiti nyuma ya tangi la samaki, anafungua kikombe cha plastiki kilichokaa juu ya bomba refu la kijivu, kisha anakinusa. Anakunja uso. Halafu anatabasamu.

"Kinanuka vibaya kabisa," anasema, akimsogezea mwandishi. "Hiyo ndiyo habari njema."

Ni saa tatu asubuhi katika hoteli ya Hared, mtaani Eastleigh, Nairobi. Wateja wa kiamsha kinywa wameondoka na harufu ya maini ya kukaanga bado imetanda. Ndani ya kikombe mna maji meusi kama strungi, chai isiyo na maziwa. Lakini ndani ya tangi, ambalo ni refu kuliko kitanda, maji ni maangavu, na samaki wa manjano na buluu wanapishana kwenye mawe bila haraka.

Mutheu, 43, mkazi wa Komarock, si mtaalamu wa samaki. Kwa miaka mingi amekuwa akizibua sinki na kuunganisha matangi ya maji katika mitaa ya Eastlands. Mwaka jana aliitwa hapa kurekebisha bomba la jikoni.

"Nilimaliza kazi lakini sikuondoka," anakumbuka. "Nilikuwa nimezoea tilapia wa kwenye sahani. Hawa nilishindwa kuelewa wanaishije Nairobi."

Hared, aliyezaliwa Kismayu, alikuwa amenunua tangi hilo kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama nchi. Samaki waliletwa kutoka Kilifi. Maji ni ya mfereji, yaliyochanganywa na chumvi maalum ya bahari, kwa sababu ya kupikia haifai.

Miezi michache baadaye, maji hayo yalianza kugeuka manjano na samaki wakaanza kufa. Hared hajamsahau samaki mmoja, kitatange.

"Alikuwa akinijua," anasema. "Nikikaribia, anakuja kwenye kioo. Asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu, anahema. Nilikaa naye hadi akakata roho. Wafanyakazi walidhani nimepokea habari za msiba."

Mabaki ya chakula na choo cha samaki yalikuwa yameyeyuka majini kiasi kwamba hakuna kitambaa cha kuchujia ambacho kingeyashika. Dawa yake ni kifaa ambacho wafugaji wa samaki wa baharini hukiita skima, kinachotoa uchafu kwa povu. Cha kuagiza ng'ambo kingegharimu zaidi ya anachopata Mutheu kwa miezi mitatu, na huenda samaki wote wangekufa kabla hakijafika. Hared aliamua kuwagawa waliobaki, avunje tangi na kuweka meza.

"Nikamwambia, 'Hared, hebu ngoja. Hilo ni bomba tu, na mabomba ndiyo kazi yangu,'" Mutheu anasimulia. "Akaniuliza, 'Mama Ndindi, na ukishindwa?' Nikamjibu, 'Nikishindwa, weka meza zako.'"

Alinunua bomba jipya la plastiki, lile pana la maji taka, akalikata likawa refu kumzidi kimo. Juu yake akafunga chupa ya soda iliyokatwa kitako, iwe shingo ya kupandishia povu hadi kwenye kikombe. Maji ya tangi huingia karibu na juu yakishuka, na hewa husukumwa kutoka chini ikipanda.

"Ukifua nguo, uchafu hupanda na povu, si ndiyo?" anaeleza. "Hapa hatuweki sabuni. Uchafu wenyewe unang'ang'ania viputo vya hewa. Lakini lazima viwe vidogo sana, na vingi."

Hapo ndipo alipokwama. Alipolijaribu nyumbani kwa maji ya chumvi aliyobeba kwa mitungi, jiwe la kutolea hewa alilonunua lilitoa viputo vikubwa kama vya uji unaochemka. Povu halikusimama.

Katika kusomasoma mtandaoni, aligundua kwamba wafugaji wa zamani walitumia vipande vya mti. Mumewe, Kitonga, ni mchonga vinyago.

"Nikamwambia, 'Baba Ndindi, nichongee mti unaopitisha hewa.' Akacheka. Akasema, 'Mimi nachonga twiga, sichongi filimbi.'"

Hata hivyo, Kitonga alijaribu. Mpingo haukupitisha chochote. Mhugu ulitoa kiputo kimoja kimoja, kwa uvivu. Mjakaranda nao ukakataa, na akautupa kwenye vumbi la mbao.

"Baadaye nikauokota, nikauangalia vizuri," anasema Kitonga. "Mti hunywa maji kutoka mizizini mpaka kwenye majani, kwa hivyo njia zimo, na zinaelekea juu. Mimi nilikuwa nimezikata kwa ubavu."

Akakata kipande kingine, safari hii akiukatiza mti ili vinyweleo vyake vitazame juu. Akatoboa tundu upande wa chini, akachomeka mpira wa hewa, akakizamisha kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Maji yakageuka meupe kama maziwa.

"Chakula kilipoa mezani," anasema Mutheu. "Tulichutama tu pale, tunaangalia ndoo."

Furaha hiyo ilikatizwa siku ya kufunga kifaa. Ilikuwa Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa. Povu lilifurika kikombe, likateremka ukutani na kutambaa chini ya meza. Mzee mmoja alisimama akainua kanzu yake.

"Hared alipiga kelele, 'Zima! Zima hiyo kitu!' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," Mutheu anakiri.

Kosa lilikuwa gundi, ambayo mabaki yake hufanya maji yatoe povu kupita kiasi. Alikuwa ameunganisha bomba na kulifunga bila kuliosha. Alilirudisha nyumbani, akalisuuza mara kwa mara na kulilowesha hadi harufu ya gundi ikaisha, kisha akarudi kulifunga upya. Mara hii povu halikutokea kabisa. Hared alimpigia simu, sauti imekata tamaa. Mutheu akamsihi asiguse chochote, akaja kupunguza valvu ya maji yanayotoka, kidogo kidogo, ili kimo cha maji ndani ya bomba kipande.

Siku chache baadaye Hared alipiga tena. "Mama Ndindi, njoo unuse."

Haikuwa salama kwa wote. Samaki wawili zaidi walikufa wiki hiyo. Lakini maji yaling'aa, na samaki mmoja aina ya kangaja aliyekuwa amesusa chakula akaanza kudonoa majani ya mwani. Tangu hapo, Hared anasema, hajazika samaki.

Kipande cha mti huziba baada ya wiki kadhaa, kwa hivyo Kitonga huchonga vingine. "Aliyenunua twiga harudi kununua twiga mwingine," anasema. "Mwenye samaki hurudi."

Sasa Mutheu anaunda skima ya pili, ya kliniki ya meno huko Buruburu, kwa bomba linaloonyesha ndani ili watoto waone povu likipanda wakisubiri daktari.

Desemba hii, badala ya kuishia kwao Kitui, yeye na mumewe wanapanga kuteremka hadi Mombasa. Hared amemwambia kwamba upepo ukivuma sana, mawimbi huacha povu la rangi ya udongo mchangani.

"Kumbe bahari nayo hujisafisha hivyo hivyo? Nataka nichutame pale mawimbi yanapokatikia nione viputo vyake ni vidogo kiasi gani," anasema. "Kitonga anaapa kwamba vyetu ni vidogo zaidi. Mimi siwezi kubishana naye. Sijawahi kuiona bahari."