Mwizi Niliyemtafuta Kwenye Seva

Nikisimulia hii habari bado nahisi masikio yakiwaka, kwa hivyo wacha niseme ubaya wenyewe mapema tumalizane nao: mimi, Kagendo, fundi wa mitambo wa redio yetu ndogo pale Nkubu, nilimwita mwenzangu mwizi mbele ya padre, mbele ya wafiwa na mbele ya bosi wetu, na nilikuwa na hakika kabisa.

Redio yetu inatangaza kwa Kimeru, na kila kipindi kikirekodiwa kinaingia kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyo katika kachumba nyuma ya studio. Sasa seva yenyewe ina diski ndogo tu. Diski kubwa za kuhifadhi sauti ziko kwenye sanduku lao kando, na ili seva izitumie lazima ziunganishwe na folda inayoitwa "rekodi", kazi ambayo sisi mafundi tunaiita kumaunti. Stima ikipotea (na kwetu inapotea ukipiga chafya tu) seva inazimika, ikiwaka tena mtu anahitajika aandike amri mbili ndiyo diski zirudi mahali pake, na huyo mtu nilikuwa mimi. Nimewahi kuitwa nikiwa nimekaa kwenye foleni ya hospitali na mama yangu, nikamwacha hapo na kadi mkononi, nikakimbia kwenda kuandika mistari miwili.

Nikasema hapana, hii kazi ijifanye yenyewe. Nikaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe: seva ikiwaka, iziunganishe diski bila kuniuliza, na zisipopatikana ijaribu tena baada ya dakika chache. Shida ni kwamba nilipoijaribu, sanduku la diski likichelewa kuamka seva nayo ilikwama na kujaza skrini maandishi mekundu, na watu wa studio wananipigia simu vilevile. Basi nikaongeza neno moja. Neno lenyewe lilikuwa na maana ya kwamba ukishindwa usilalamike, endelea na kazi. Seva ikawaka vizuri, kimya, na mimi nikajisifu hadi nikanunulia ofisi nzima mandazi.

Baada ya wiki kadhaa rekodi zikaanza kupotea. Ya kwanza ilikuwa mahojiano na mkulima wa avokado, kisha kwaya moja, kisha kipindi cha afya ya watoto. Zote zilirekodiwa asubuhi, na zote alizirekodi Murithi.

Murithi ni mtayarishaji wetu wa vipindi vya asubuhi, mtu mpole, maneno yake machache, na kwa akili yangu ya siku zile upole huo ndio ulionitia wasiwasi (mtu asiye na la kuficha si huongea?). Isitoshe, alikuwa ameanza kutoka nje kupokea simu, anasimama nyuma ya tangi la maji, anaongea chini chini huku ameziba mdomo kwa mkono. Halafu kulikuwa na flashi disk aliyokuwa akiitia kwenye mfuko wake kila jioni. Nikanunua daftari. Nikawa naandika ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, simu imepigwa ngapi, flashi imechomekwa wapi. Nikakagua kumbukumbu za seva kutafuta nani amefuta nini, na sikupata alama yoyote ya kufuta, hata moja. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi pengine hakuna aliyefuta. Mimi nikasema, huyu ni hatari, amefuta mpaka alama!

Hapo ndipo Nyanya Kaari alipofariki. Alikuwa mama mzee wa Ruiri aliyejua nyimbo za kuvuna mtama ambazo hata watu wazima wa huko wameshazisahau, na majuma mawili kabla Murithi alikuwa amemleta studio akamrekodi asubuhi nzima. Mwanawe, Mwalimu Mutuma, aliyestaafu, akaja ofisini Alhamisi na dada zake wawili na padre wao. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Walitaka kitu kimoja tu, sauti ya mama yao isikike kaburini.

Na rekodi haikuwepo.

Madam Nkatha, meneja wetu, akawakaribisha kwenye chumba cha mikutano, akamwita Murithi, akaniita na mimi, na alikuwa ndiyo anaanza kuwaomba radhi nikamkatiza.

"Madam, kabla hatujaomba msamaha, kuna jambo lazima lisemwe. Hii sauti haikupotea. Imeibwa na kufutwa, na mwizi mwenyewe amekaa hapa."

Nikafungua daftari nikaanza kusoma. Tarehe, saa, tangi la maji. Murithi alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Kagendo, mimi nifute sauti ya Nyanya Kaari, ili nipate nini?"

"Utatuambia wewe. Flashi iko wapi?"

"Iko kwa mfuko."

"Itoe basi."

Akaitoa bila kubishana, na hiyo pia nikaiona kama ujanja. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu iliyounganishwa na projekta, watu wote wakageukia ukuta. Kulikuwa na faili moja, video. Nikabonyeza kwa kishindo.

Ukuta mzima ukajaa kiwele cha ng'ombe.

Kiwele, jamani, kikubwa kama meza, chekundu, na mkono wa Murithi ukionyesha chuchu moja ya nyuma, na sauti yake ikisema polepole, "Daktari, ona hii, imevimba tangu jana, na maziwa yanatoka na damu." Mabinti wa marehemu walijifunika nyuso kwa leso. Padre akawa anasoma kalenda iliyo ukutani, mwezi baada ya mwezi. Mimi nikawa natafuta pa kuisimamishia na laptopu imekwama, ng'ombe anaendelea kukanyaga.

"Ni ng'ombe wangu," Murithi akasema. "Nimekuwa nikiongea na daktari wa mifugo, na jioni nampelekea video kwa hiyo flashi. Nilikuwa natoka nje nisiwasumbue mkiwa hewani."

Ningeomba msamaha hapo ningekuwa nimeponea. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, na daftari bado lilikuwa na kurasa.

"Hiyo ni ya kutupoteza tu," nikasema. "Tazameni seva yenyewe." Nikafungua ile folda ya rekodi kwenye ukuta, sauti za miaka na miaka, mamia, nikawaonyesha pale ambapo Nyanya Kaari alipaswa kuwa na hayupo.

Stima ikapotea.

Ukuta ukabaki mtupu. Stima ilirudi baada ya kitambo kidogo, seva ikanguruma kule nyuma, nami nikafungua tena folda ileile. Safari hii yale mamia hayakuwepo. Kulikuwa na faili kumi na moja tu.

Mwalimu Mutuma akainama mbele akarekebisha miwani. "Si hiyo hapo, ya tatu? Imeandikwa Kaari."

Alikuwa yeye. Na mkulima wa avokado, na kwaya, na afya ya watoto. Naomba mjue jinsi nilivyokuwa nimeharibika: wazo la kwanza lililonijia ni kwamba Murithi amezirudisha kwa simu.

"Murithi, weka simu mezani!"

Akaiweka. Akaweka na mikono yote miwili kando yake, viganja juu, na hapo hapo, sote tukitazama, folda ikabadilika. Zile kumi na moja zikapotea, yale mamia yakarudi.

"Ameenda wapi tena?" akauliza dada mmoja.

Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Lakini mimi nilijua ni nini kilichofanya kazi dakika ile. Ilikuwa skripti yangu. Sanduku la diski linachelewa kuamka kuliko seva. Seva ikizikosa diski hainung'uniki, maana nilishaiambia isilalamike, na chochote Murithi atakachoanza kurekodi wakati huo kinaingia chote kwenye diski ndogo, ndani ya folda yenye jina lilelile. Baadaye diski kubwa zikipatikana, skripti inaziunganisha juu ya hiyo folda, na vilivyokuwa ndani vinafunikwa, kama barua uliyoisahau kitandani na mtu akaja akatandika godoro jingine juu yake. Barua iko, ila huioni. Murithi alikuwa anapoteza rekodi kwa sababu stima zetu hupotea zaidi asubuhi, na asubuhi ni zamu yake. Basi.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?" akauliza Madam.

"Ni mimi niliyezificha. Sikujua."

Nikaandika amri ya kuziondoa diski kubwa kwenye folda, na Nyanya Kaari akawa pale ya tatu. Nikambonyeza. Kwanza alikohoa. Kisha akauliza kwa Kimeru, "Murithi mwanangu, hiki kichuma kinanisikia?" na Murithi kwenye rekodi akacheka akamjibu kinasikia, na yule mama akaanza kuimba. Mwalimu Mutuma alivua miwani, hakuirudisha mpaka wimbo ukaisha.

Nilimgeukia Murithi nianze kusema pole, Madam akanikatiza. "Umemshtaki mbele ya watu, utamwomba msamaha mbele ya watu."

Jumamosi kule Ruiri, kabla ya kuicheza ile sauti, nilisimama na maikrofoni nikaeleza yote, daftari, flashi, kiwele. Waombolezaji walicheka, wengine mpaka machozi, na nilistahili. Murithi alikuwa amechuchumaa kwenye spika akikaza waya. Alisema tu, "Nimekusikia," akaendelea kukaza.

Lile neno la "usilalamike" nimelifuta. Siku hizi diski zisipopatikana studio haiwezi kurekodi chochote, seva inapiga kelele na simu yangu inalia hata nikiwa kanisani, na nainuka naenda. Murithi tunafanya kazi vizuri, ananisalimia, ng'ombe wake alipona. Lakini kila jioni akipita kwenye meza yangu kwenda nyumbani anasimama, anafungua mfuko wake, ananionyesha ndani, kisha anaufunga. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nimemwomba aache, akasema ni sawa tu. Daftari nililichoma jikoni kwa mama, na nimeapa kwamba kitu kikipotea tena, mtu wa kwanza kuhojiwa nitakuwa mimi, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.