Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Kiwanda chetu kiliringia masikio ya Kuwabara Eisaku kuliko mitambo yake yote. Wageni wakija kutoka Tokyo hawakuonyeshwa kwanza chumba cha vioo wala mashine za kukandamiza plastiki. Walipelekwa kumwona yeye, mtu mfupi wa sweta la kahawia, ameketi katikati ya spika mbili huku amefumba macho. Hakuna sidii iliyotoka pale kabla ya yeye kuisikiliza na kugonga muhuri wake. Nyumbani, mkewe alikuwa akimwita mara tatu ndipo aitike, lakini hilo wageni hawakuambiwa.

Mimi ni Mochizuki Sanae, na kwa miaka ishirini na sita nimefanya kazi kwenye mahodhi ya nikeli. Sauti huchongwa kwa mwanga juu ya kioo, kioo hicho huletwa kwangu, nami nakiotesha ngozi ya nikeli na kuibandua kwa mikono. Ngozi ya kwanza tunaiita baba, inayozaliwa na baba tunaiita mama, na wanaozaliwa na mama ndio watoto wanaokwenda kukandamiza sidii zenyewe. Chembe moja ya vumbi kwa baba, ukoo mzima umeharibika. Kwa hiyo sijawahi kupaka poda kazini, na mume wangu husema alioa wake wawili, mmoja wa siku za kazi na mwingine wa Jumapili.

Sidii iliyompa Kuwabara jina ilitoka mwaka 1985, yeye akiwa na miaka thelathini. Ilikuwa ya koto, kinanda chetu kirefu cha nyuzi, imepigwa na msichana aliyeitwa Shuran. Kila uzi ulilia kwa makali, ukasikia kabisa kucha ya pembe, ile inayovaliwa kidoleni, inavyougusa. Majarida ya wapenda sauti yaliipa tuzo, na wauza spika waliiweka kila mteja alipoingia dukani, kwa sababu iliifanya hata spika ya kawaida ionekane ya maana. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo nyumbani.

Mwaka 2016 kampuni iliamua kuitoa upya kwa ubora wa juu kabisa: plastiki angavu zaidi, kioo kipya, uchongaji wa polepole. Mabango yalikwisha chapwa, yakisema sauti ni ile ile, sasa safi zaidi. Kuwabara alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yake ya kuagwa. Kanda ya asili ilitolewa kwenye chumba cha baridi, ikaachwa siku nzima izoee joto la chumba chake. Nilikwenda kumuuliza kioo kitanifikia lini, nikamkuta anaiweka kwenye mashine ya zamani. Akabonyeza. Taa nyekundu ndogo ikawaka pembeni ya mashine.

Akaizima mashine. Akarudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena, na taa ikawaka tena. Nilimuuliza kama mashine ni mbovu. Alikuwa ameegemea meza kwa mikono miwili, na uso wake umekuwa mweupe hata nikadhani ni moyo.

Enzi hizo, wakati wa kurekodi, baadhi ya studio zilikuwa zikipandisha sauti za juu makusudi ili mchakacho umezwe. Nyumbani, mashine ya msikilizaji ndiyo iliyotakiwa kuzishusha zirudi mahali pake. Lakini haitazishusha isipokuwa sidii yenyewe ina alama ya kuiamuru, na alama hiyo huwekwa kutokana na karatasi inayofuatana na kanda. Kwenye karatasi kuna kisanduku. Unatia vema, basi, kazi imekwisha. Taa ile nyekundu ilikuwa inasema kwamba kanda ya Shuran ilipandishwa, na kwamba mashine ya zamani inazishusha yenyewe.

Kuwabara alilifungua faili. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Kisanduku kilikuwa kitupu, na chini yake kuna muhuri mwekundu.

"Ni muhuri wako?" niliuliza, ingawa nilikuwa nausoma.

"Ni wangu."

Akaweka kwanza sidii tuliyoijua wote, halafu kanda, taa ikiwa inawaka. Ilikuwa koto nyingine. Makali yote yalikuwa yametoweka, na uliobaki ni mkono mtulivu, mkono wa mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Miaka thelathini na moja tulikuwa tunasifu kosa. Kuwabara hakuwahi kuisikia kanda hii. Iliposhughulikiwa, mashine ilinakili tarakimu zake tu bila mtu kuisikiliza, naye akasikiliza sidii ya majaribio peke yake, akaona inang'ara kuliko santuri zote alizozijua. Kila mtu alikuwa akimwambia hivyo ndivyo sidii zinavyopaswa kuwa.

Akaniuliza Shuran yuko wapi siku hizi. Alidhani amekuwa mwalimu mkubwa. Hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ulipofunguka.

Shangazi yangu Fumie alijifunza koto katika nyumba ile ile ya mafunzo iliyompa msichana huyo jina la kisanii la Shuran. Masika ya 1986, mwalimu mkuu aliwakusanya wanafunzi, akaiweka sidii ile, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mkono huo unaparura, na jina la nyumba yake halitakaa juu ya mkono unaoparura. Akamvua msichana jina la Shuran mbele ya wenzake. Aliyevuliwa jina hafundishi, hapandi jukwaani, na hakuna nyumba nyingine itakayompokea. Shangazi alitusimulia kisa hicho kila Mwaka Mpya tukila mochi, zile keki za mchele, akikunja vidole kama paka, nasi tukicheka hadi machozi. Nilimwambia Kuwabara hilo nalo, kwamba nilicheka. Aibu ilinishika hapo hapo, imechelewa miaka thelathini.

"Kwa ajili ya kisanduku," alisema.

Shangazi alijua Shuran aliko. Jina lake la kuzaliwa ni Suzumura Mitsue, na alikuwa na duka la dobi mjini Fujieda. Jumamosi niliendesha gari mimi, Kuwabara ameketi kando yangu. Alipakata boksi la keki za maharagwe na mashine ndogo yenye sauti ya kanda ndani yake. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno ya kuanzia, na kila mara akiyaacha katikati.

Dukani kulikuwa na mvuke, mashati yananing'inia hadi darini, na mteja mmoja kaunta akidai suruali yake. Mama mwenye miwani ya kamba alinyanyua uso. Kuwabara, kabla hata ya kutaja jina, alipiga magoti akaweka paji la uso sakafuni. Mteja akarudi nyuma akiikumbatia suruali.

"Inuka, bwana, umeziba njia," Mitsue alisema. "Kama ni doa, tutalitoa tu."

Hakuinuka. Alimweleza yote akiwa chini pale pale: kanda, taa, kisanduku, muhuri. Alitaja mwaka na tarehe. Mitsue alikuwa na shati la mtu mkononi, na alilikunja likawa dogo, akalikunjua, akalikunja tena. Mteja aliondoka bila kuchukua chenji. Mimi nikamvisha yule mama spika za masikioni, nikabonyeza.

Alisikiliza kama dakika tatu, kisha akafunua sikio moja.

"Nani huyu anapiga?"

Nilidhani anatutania. Nilimtazama machoni, nikaona hatanii.

"Ni wewe, Suzumura-san," Kuwabara alisema kutoka sakafuni.

"Hapana. Mimi mkono wangu mkali. Sidii ilinionyesha."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Ndipo akatueleza, polepole, bila kupandisha sauti. Siku sidii ilipotoka, yeye mwenyewe alishtuka, maana studio alikuwa amesikia kitu kingine. Lakini kila mtu alikuwa akisema mashine hii haidanganyi, na yeye alikuwa msichana wa miaka ishirini na nane. Akaamua kuwa masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakimbembeleza. Baada ya kuvuliwa jina akaanza kuusahihisha mkono. Alizisugua kucha zake za pembe zikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Akapiga taratibu, mwaka uliofuata taratibu zaidi, mpaka nyuzi zikawa hazitoi kitu, naye akaifunika koto shuka.

"Miaka tisa," alisema, "nilijitibu ugonjwa ambao sikuwa nao."

Kuwabara alilia. Mwanamume wa umri ule, mwenye tuzo ukutani, alilia kwenye sakafu ya dobi, na sikujua nitazame wapi. Alipoweza kusema aliuliza afanye nini, kama aende kwa mwalimu mkuu akaeleze. Mitsue akajibu kwamba mwalimu alikufa mwaka 1999, amwache apumzike.

"Hicho kisanduku," akauliza, "mkiitengeneza upya bado kipo?"

"Kipo."

"Basi kitie alama. Na useme kosa lilikuwa la nani."

Keki alizipokea. Kisha akamlazimisha Kuwabara ainuke, akampangusa magoti ya suruali kwa brashi ya kazi, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Kikao cha kampuni kilikuwa Jumanne, nami niliitwa kwa sababu ya ratiba ya mahodhi. Bwana Nagura wa mauzo aliposikiliza zote mbili, alikubali kwamba ya kanda ndiyo ya kweli. Halafu akasema tuitupe. Mabango yalikwisha chapwa, watu wanayapenda yale makali na ndiyo watakayoyalipia, na waliotoa tuzo wataonekana wajinga. Kisanduku kibaki wazi kama kilivyokuwa. Kuwabara-san ataondoka Machi na maua yake, na hakuna atakayejua.

Nilikuwa sijawahi kumwona Kuwabara akibishana na mtu, hata kwa kiti cha kantini. Alitoa muhuri wake mfukoni, umefunikwa kifuniko, akauweka mezani, akarudisha mikono mapajani. Bila muhuri huo kioo hakichongwi. Sheria hiyo waliiweka wenyewe, wakimringia.

"Nataka alama kwenye kisanduku," alisema, "na mistari mitatu kwenye kijitabu. Jina langu lote."

"Unaelewa kwamba unajifuta?" Nagura alimuuliza.

"Mimi nilimfuta mtu kwanza."

Walivutana mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vyote. Mwishowe Nagura alisema fanyeni mnavyotaka, akatoka, na mlango aliufunga kwa adabu, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko kuubamiza. Kuwabara alitia vema kwenye kisanduku akikandamiza hadi ncha ya penseli ikavunjika. Wiki iliyofuata kioo kilikuja kwangu. Nimebandua baba maelfu, lakini huyo nilimbandua pumzi nimezizuia, na jasho lilinitiririka ndani ya barakoa.

Mistari yenyewe ilisema hivi: Ukali wa toleo la 1985 haukuwa wa mpigaji. Ulitokana na kosa langu la kutoweka alama. Kuwabara Eisaku.

Jina la mpigaji kwenye jalada lilikuwa Suzumura Mitsue. Nilingoja ngurumo. Nilidhani nchi nzima ya wapenda sauti itasimama, mwalimu mkuu wa sasa ataandika barua, na Shangazi Fumie ataomba radhi hadharani. Yaliyokuja ni marejesho. Wateja walirudisha sidii wakiomba ile ya zamani yenye uhai. Jarida moja liliandika kwamba toleo jipya linasinzia, kwamba masikio ya Kuwabara yamezeeka, na kwamba ile mistari mitatu ni unyenyekevu tu wa mzee anayestaafu. Nilisoma mara mbili kwa kutoamini. Mtu amekiri kosa kwa jina lake lote, na wamekataa kumwamini. Nilikwenda kulitupa jarida kwenye pipa la kantini.

Kuwabara alilitoa pipani, akalinyoosha kwa kiganja, akasoma hadi mwisho. Nilimwambia awajibu, na kama hajui matusi nitamwandikia mimi.

"Huyu ameiamini ile sidii," alisema. "Hata mimi niliiamini." Akala tambi zake.

Kutoka nyumba ya koto haikuja hata kadi. Machi ikafika, akapewa maua, akayabeba hadi kwenye gari, akaondoka.

Wiki hiyo nilichukua koti langu la baridi nikalipeleka Fujieda, ingawa kuna dobi hatua mbili kutoka kwangu. Nilijiambia nakwenda kuona tu. Kengele ya mlango ililia, na Mitsue akatoka nyuma ya duka, akalipokea koti, akakagua mifuko, akaniuliza kama nataka vifungo vikazwe. Nilikuwa nimeuona mkono wake wa kulia. Kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati alikuwa amevaa kucha za pembe, nyeupe, mpya, nene.

Aliona ninapotazama. Hakuzivua. Alichukua kalamu aniandikie tiketi, ikamteleza mara mbili, akaishika tena kwa shida, akaandika jina langu kwa herufi zilizokwenda upande. Akaniambia nirudi Alhamisi.