Mke Wangu na Breka Iliyoruka Angani

Mke wangu hajui kukaa. Nalisema hili kwa mapenzi, na kwa hasira kidogo. Akipika, huku anakunja nguo. Akikunja nguo, huku anasahihisha hesabu za watoto. Ukimwambia keti ule, anaketi nusu, nusu nyingine iko tayari kwenda. Pale uwanja mdogo wa ndege alikokuwa akipima mizigo, wenzake walimpa jina la Mchakamchaka. Mimi nikalileta nyumbani, na siku hizi hata mama mkwe analitumia, tena bila haya.

Miaka yote hiyo alipandisha maboksi kwenye mizani, akaandika uzito, akaangalia ndege ikiondoka na mzigo alioupima yeye. Halafu kampuni ya ndege ikatangaza kwamba itamsomesha urubani mfanyakazi mmoja. Wanaume wazima walikuwa bado wanakuna vichwa, yeye kashapeleka jina. Alipokuja kuniambia nilikuwa namnyoa mteja, maana mimi ni kinyozi, na mteja wa watu akaondoka na denge ambalo hakuliomba.

"We mwanamke, juu ya ngazi tu unapata kizunguzungu!" nikamwambia.

"Ngazi inatikisika. Ndege ina mabawa."

Ukishindana naye kwa maneno, umeumia.

Basi nyumba ikageuka darasa, na kikwazo kikawa umeme. Kwetu pasi na jiko vikiwashwa pamoja, breka inaruka, kile kidude cha ukutani kinachokata umeme ukizidi. Tangu tuhamie, dawa yake ilikuwa moja: anayepita karibu anairudisha. Ikiruka tena, inarudishwa tena. Bingwa wa kurudisha alikuwa yeye. Alikuwa hata haangalii, anainyanyua kama anayefukuza inzi, anaendelea na safari zake.

Lakini mazoea yana taabu. Kwenye ndege breka ziko mbele ya rubani, vitufe vidogo vimepangwa safu, kimoja cha redio, kimoja cha taa, kimoja cha alteneta. Alteneta ndiyo inayozungushwa na injini na kutoa umeme; ndiyo inayolisha kila kitu na kuchaji betri. Waya ukibeba umeme kupita uwezo wake, kitufe chake kinachomoza nje na umeme unakatika. Mwalimu wake, rubani mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa akichomoa kitufe kimoja makusudi ili aone mwanafunzi atafanya nini. Kabla hajaondoa kidole, mke wangu kashakibonyeza ndani.

"Kwa nini umekirudisha?"

"Si kimeruka?"

"Nami nakuuliza, kwa nini kimeruka?"

Kesho yake tena vilevile, na wiki iliyofuata tena. Mwisho uvumilivu ukamwisha yule mzee.

"Sikiliza, mama," akamwambia. "Breka hairuki ili kukuchokoza. Kuna waya unapata moto mahali usipopaona. Ukiirudisha, unaupelekea moto kuni. Ya alteneta, kitabu chetu kinakuruhusu mara moja, baada ya kuiacha ipoe. Mara moja! Nikijua umeirudisha mara ya pili, unarudi kwenye mizani yako, na nitakusindikiza mwenyewe."

Siku hiyo alirudi nyumbani kimya, akaketi. Aliketi kweli, mzima mzima, mpaka watoto wakaniuliza kama mama anaumwa. Niliogopa kuliko kama ningemwona analia. Kazi ya mizani si mbaya, imetulisha, lakini yeye alikuwa ameshaonja kule juu, na ukishaonja asali huchongi mzinga mmoja. Kumrudisha chini kungemvunja, na mimi ndiye ningeishi na vipande.

Ikafika siku ya kuruka peke yake mpaka mji wa jirani na kurudi. Nikafunga kibanda changu cha kunyolea, nikaenda. Alinipungia mkono kutoka kwenye kile kindege, bila wasiwasi wowote. Wasiwasi wote aliniachia mimi.

Darasani pale uwanjani kulikuwa na meza, ramani, na redio. Mwalimu alikaa anakunywa chai. Mimi nilizunguka. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikashika kiti, nikakiacha.

"Bwana kinyozi, umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema. "Keti."

Niliketi. Nikasimama. Kwenda alikwenda salama, akatua huko, akaita kwamba anarudi. Nikaanza kupumua. Ndipo redio ikakwaruza na sauti yake ikatoka, tena imetulia kuliko anavyoniagiza chumvi:

"Breka ya alteneta imeruka. Sina chaji. Nimebaki na betri. Nazima vitu vyote na redio pia. Nitawasha nikiuona uwanja."

Halafu kimya.

Nyie, niliirukia ile meza ya redio. "Injini!" nikapiga kelele. "Umeme ukiisha si injini itazima?"

"Haizimi," Mwalimu akasema, kikombe kashakiweka chini. "Injini ya ile ndege ina magineto zake, zinazunguka nayo, zinajitengenezea cheche. Haiombi kitu kwa betri. Betri ni ya redio, taa, vipimo vingine, na vile vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa, vya kupunguza mwendo wakati wa kutua. Akiacha kila kitu kinawaka, itaisha upesi. Akizima, inabaki ya kutosha kusema nasi akifika. Amefanya sawasawa."

"Sasa mwite umwambie amefanya sawasawa!"

"Nimwiteje? Kazima redio."

Nilielewa, wallahi nilielewa, lakini kuelewa hakukusaidia miguu yangu. Nilikamata kipaza sauti, nikabonyeza, nikasema, "Mama watoto, niko hapa." Mwalimu akaninyang'anya bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Naye alikuwa amekwisha kusimama. Tulizunguka meza ile wawili, mimi huku, yeye kule, tukipishana mlangoni. Alitazama mawingu upande wa mashariki. Nikamuuliza kama yale mawingu ni mabaya, akasema si mabaya. Nikamuuliza tena. Akaniambia, "Baba, ukiniuliza mara nyingine nitakutoa nje."

Nikatoka mwenyewe. Fundi wa ndege alikuwa amesimama kwenye lango la karakana, akijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Fundi, mimi, na Mwalimu aliyesimama mlangoni, wote tukawa shingo juu, na mbingu tupu. Niliwaza watoto. Niliwaza nitamwambia nini mama mkwe. Nikaapa kwamba akishuka salama sitamgombeza tena maisha yangu yote, kiapo nilichokivunja jioni ileile.

Redio ikafunguka ndani. "Nimeuona uwanja. Natua bila vibawa."

"Karibu nyumbani," Mwalimu akajibu, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili.

Alikuja kwa kasi, maana bila vibawa vile ndege haitaki kupunguza mwendo. Magurudumu yaligusa mbali kuliko kawaida, ndege ikakimbia, ikakimbia, mimi nikawa nakanyaga breki kwenye nyasi, mpaka ikasimama karibu na mwisho wa njia. Nilikimbia na ndara moja. Ile nyingine alikuja nayo fundi.

Mke wangu alishuka, uso umemkauka kwa chumvi ya jasho. Nilimkumbatia mpaka akaniambia namvunja mbavu. Mwalimu akafika anahema.

"Umefanya vizuri," akamwambia. "Vizuri sana. Breka uliirudisha?"

"Niliirudisha."

"Mara ngapi?"

Nilimwona anavuta pumzi, nikajua. Mtu uliyelala naye miaka kumi na mitano unamjua kwa pumzi. Nikadakia, "Mara moja! Kitabu si kinaruhusu mara moja?" na nikamfinya kiuno.

Akautoa mkono wangu. "Mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza niliiacha ipoe, nikairudisha, ikaruka. Mara ya pili mkono ulikwenda wenyewe. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikaichomoa, nikazima alteneta, ndipo nikawaita."

Fundi alishaingiza kichwa ndani ya ndege. Mwalimu alimtazama mke wangu viatuni, kisha usoni.

"Nilikuambia nini?"

"Kwamba utanisindikiza kwenye mizani."

"Twende basi."

Wakaondoka, mbele mzee, nyuma mwanafunzi, kuvuka uwanja mpaka bohari la mizigo. Mimi nikawafuata nikiongea peke yangu. Wapima mizigo walipomwona wakaanza kushangilia, "Mchakamchaka! Mchakamchaka karudi!" wasijue kilichomrudisha. Alifunga aproni yake ya zamani, akavuta boksi la kwanza. Mwalimu akampa mkono, akamshikilia muda mrefu, macho yamemwiva, akageuka.

Jioni kwenye gari nililipuka. Nilimwambia yote. Kwamba kujua angejua nani? Kwamba ameshusha ndege salama, peke yake, jambo ambalo wengine wangelitapikia, na kwa neno moja tu ameitupa ndoto yake shimoni. Neno moja! Kwamba nilimfinya kiuno, hakuhisi?

"Nilihisi," akasema. "Ningesema mara moja, fundi angedhani waya umepata moto kidogo, angebadilisha breka, angefunga. Waya uliungua mpaka ndani ya ukuta wa ndege. Nimemsubiri mpaka ameufungua, nimeuona kwa macho yangu. Kesho asubuhi kwenye kiti kile alikuwa akae binti wa watu, mwanafunzi mwenzangu. Ana mama yake, anamleta kila siku na kumsubiri palepale dirishani uliposimama wewe."

Nilizima redio ya gari, nikaendesha polepole mpaka nyumbani.