Tawi la Kihonda Lililokuwa Mtandaoni Tu

Siku moja ambayo bado naikumbuka ilianza kwa simu niliyoiacha ikilia. Ililia mara ya kwanza, ikanyamaza. Ikalia mara ya pili. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta katika stesheneri moja ya mjini ambako nilikodi meza, naitazama tu. Namba sikuijua, na mimi, mwanangu, nilikuwa mtu wa kuogopa sauti za watu nisiowajua. Nilizoea kusubiri simu inyamaze, kisha namwandikia mtu ujumbe: "Samahani, nikusaidie nini?" Kwa maandishi nilikuwa jasiri.

Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Kazi hii ya kutunza tovuti za wafanyabiashara wadogo ni changa hapa Morogoro, na mtu aliyeifanya miaka kumi amekwisha kuwa mzee wake. Wewe umekuja kujifunza, na kabla hujagusa ukurasa wa mtu yeyote nataka usome haya. Naandika polepole. Soma polepole na wewe.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kompyuta nilijifunza kwa kuwaangalia wengine mabegani, siku nyingi, bila kuuliza, kwa sababu kuuliza kulinishinda. Siku hizo nilikuwa na wateja wachache: mama mmoja wa Matombo aliyeuza mdalasini na iliki, fundi cherehani, nyumba ya wageni, na zahanati ya Mama Rehema kule Bigwa. Mama Rehema alikuwa nesi mstaafu. Zahanati yake ilikuwa vyumba vitatu chini ya mlima, na tabibu mmoja aliyemwajiri, na mashine ya kupulizia dawa ya pumu ambayo aliifuta kwa mkono wake kila asubuhi na hakumwachia mtu.

Alitaka kufungua tawi Kihonda, upande mwingine wa mji. Alikwisha kukodi fremu ya duka na kupaka rangi, bado kibali. Aliniambia, "Idi, usitangaze mpaka kibali kitoke." Nikaitikia. Lakini nilijua jambo ambalo yeye hakulijua: ukurasa mpya huchukua muda mrefu kabla haujaonekana juu pale watu wanapotafuta. Nikaona tukisubiri siku ya kufungua, tawi litakaa miezi halina mtu. Ningeweza kumweleza. Kumweleza kulihitaji kwenda Bigwa, kukaa mbele yake, kuongea. Nikaona rahisi kufanya kimyakimya.

Basi nikaliweka tawi la Kihonda kwenye ramani ya simu kabla halijawepo. Nilijiambia naizoesha tu ramani. Nikachunguza watu wa Kihonda huandika nini kwenye simu zao wanapoumwa. Kule kuna karakana za mbao na mashine za kukoboa, vumbi ni jingi, na neno lililojirudia ni pumu: pumu ya mtoto, mtoto anabanwa kifua, mashine ya pumu Kihonda. Nikaandika: "Zahanati ya Mama Rehema, Kihonda. Tuko wazi kila siku. Mashine ya pumu ipo. Mlete mtoto wako sasa hivi." Hayo ya "sasa hivi" niliyaona kwenye tovuti za watu wengine, nikasikia kwamba yanavuta. Tawi halikuwa na simu, kwa hiyo nikaweka namba yangu.

Baada ya miezi miwili, ukiandika pumu na Kihonda, tulitokea wa kwanza. Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi peke yangu pale mezani kama mtu aliyefunga goli uwanja ukiwa mtupu.

Sasa siku ile, simu ilipolia mara ya nne, mwenye stesheneri akanigeukia. "We Idi, hiyo simu inadai nini? Pokea bwana, masikio yanauma!"

Nikapokea.

"Mko wapi?" Sauti ya mwanamume, anahema. "Mbona pamefungwa?"

"Nani mwenzangu?"

"Niko mlangoni kwenu hapa Kihonda! Mtoto kabanwa! Fungueni!"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kukoboa, na mbele ya mashine nikasikia kitu kingine, mluzi mwembamba unaokatika na kuanza tena. Sikuelewa mara moja kwamba huo ulikuwa mtoto.

"Hapo... hapo bado hatujafungua," nikasema.

"Mnafungua saa ngapi? Saa nne hii!"

"Hapana, yaani tawi bado. Halijaanza."

Akasema, taratibu kuliko mwanzo, "Imeandikwa mko wazi. Imeandikwa mashine ipo."

"Mashine iko Bigwa."

"Bigwa!" Nikasikia mwanamke akilia jina la mtoto, Zuhura, Zuhura. Simu ikakatika.

Nikampigia. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, nimesimama. Namba niliyoikimbia asubuhi sasa nilikuwa naiomba ipokelewe. Nikatoka, nikadandia bodaboda kwenda Kihonda. Njiani sikuwaza kitu cha maana. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe, na kila nilipovuta moja niliwaza yule mtoto ameweza ngapi.

Mlango wa fremu ulikuwa umefungwa kwa kufuli kama tulivyouacha. Kwenye rangi mpya kulikuwa na alama za kiatu, tatu au nne, mahali mtu alipopiga teke. Ng'ambo ya barabara alikaa dada anayeuza vitumbua. Akaniona nimesimama.

"Na wewe unaumwa, kaka? Usijisumbue kugonga. Hapo hakuna daktari, hakuna hata panya."

"Kuna baba alikuja na mtoto..."

"Yule wa sasa hivi? Kaupiga mlango mateke mpaka nikajua unang'oka. Mtoto mbavu zinaonekana, mdomo umebadilika rangi. Kapakiwa kwenye bodaboda huyo, kaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Nijuaje mimi?" Akageuza kitumbua. "Si wa kwanza. Huko kwenye simu wanawadanganya watu kuna zahanati hapa. Wiki hii wewe wa tano. Mimi nimekuwa nesi wa mapokezi bila mshahara! Nikimkamata aliyeandika uongo huo, haki ya Mungu, mafuta haya yote namwagia."

Nikasema asante dada. Nikaondoka. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia amekwisha kumkamata.

Wa tano. Ile hofu niliyokuja nayo ilikuwa ya mtoto mmoja. Hofu ya wale wengine ilinipata pale.

Nilipofika Bigwa wingu lilikuwa limeshuka mlimani mpaka karibu na mapaa. Mama Rehema alikuwa anakunja mashuka. Niliingia bila shikamoo, na kwa hilo tu akajua. Akaweka shuka chini.

"Nani kafa?"

Nikamweleza yote. Sijawahi kuongea mfululizo namna ile maishani mwangu. Alipokwisha kunisikiliza hakupaza sauti.

"Ulinificha kwa nini?"

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi kuniuliza. Hukuogopa kumwita mtu usiyemjua alete mtoto wake kwenye mlango wenye kufuli." Akachukua mtandio wake. "Twende tukamtafute."

Tukaanza kumtafuta mtoto ambaye tulijua jina lake la kwanza tu. Mama Rehema aliwapigia manesi aliowahi kufanya nao kazi, mmoja baada ya mwingine, shikamoo na marahaba, kisha swali lile lile: mmepokea mtoto wa kike, pumu, jina Zuhura? Mara tatu aliambiwa hapana. Kila hapana ilinimaliza, kwa sababu mtoto aliyekosekana hospitalini angeweza kuwa amebaki njiani. Mara ya nne aliniangalia, akafumba macho. Yuko kwenye zahanati ya serikali, huko huko Kihonda. Hajambo? nikauliza. Akasema, "Wamesema yupo. Zaidi ya hapo hawakusema."

Baba yake tulimkuta kwenye korido, ovaroli imejaa unga wa mbao. Mkewe alikaa sakafuni, kanga usoni. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, na ndani nilisikia mashine ikikoroma. Mama Rehema aliwapa pole, kisha akasema bila kuzunguka, "Baba, zahanati iliyoandikwa kwenye simu yako ni yangu. Kosa ni letu. Huyu kijana ndiye aliyeandika."

Nilitaka anipige. Ningejua la kufanya na kofi. Yeye alitoa simu yake, akaitafuta ile sehemu kwa kidole chenye gundi, akanipa.

"Soma."

"Baba, naomba radhi, mimi..."

"Nimesema soma. Kwa sauti. Mwenzangu hajui kusoma. Tangu tumefika ananiuliza kwa nini tuliipita zahanati hii hii kukimbilia ile. Msomee ajue."

Kwenye korido walikuwa watu kama kumi. Nikasoma. Zahanati ya Mama Rehema, Kihonda. Sauti haikutoka, nikarudia. Tuko wazi kila siku. Mashine ya pumu ipo. Kila neno nililichagua mwenyewe, na sasa kila neno lilikuwa linanikwama. Nikafika mwisho. Mlete mtoto wako sasa hivi.

Mama wa mtoto akaondoa kanga usoni, akaniangalia, akasema taratibu, "Tulimleta."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Zuhura alifumbua macho alasiri. Nesi alitoka akasema ametoka hatarini, lakini walichelewa sana, na hapo akanyamaza kwa sababu mama alikuwa anasikiliza. Wazazi waliingia ndani. Hakuna aliyetuaga.

Jioni hiyo nilifuta ukurasa. Nikadhani nimemaliza. Asubuhi nikatazama kwa simu ya mwenye stesheneri, tawi lipo. Ramani ilikuwa bado haijasahau, na tovuti nyingine zinazokusanya majina ya zahanati zilikwisha kulichukua jina letu na kuliweka kwao. Niliwaandikia wote watoe. Nikamweleza Mama Rehema kwamba itachukua siku kadhaa.

"Basi siku hizo kakae pale mlangoni," akasema. "Atakayekuja umwambie kwa mdomo."

Nikaenda. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya ile fremu tangu asubuhi mpaka giza linapoingia, mimi niliyekuwa nakimbia simu. Yule dada wa vitumbua nilimwambia ukweli siku ya kwanza. Hakunimwagia mafuta, ila siku nzima hakunisemesha. Walikuja watu. Kila aliyekuja nilisimama, nikamwambia hapa si zahanati, tulikosea, zahanati ya serikali iko kule, nikampeleka mpaka barabarani. Nilikaa hivyo siku tisa, hadi alama ilipotoka kwenye ramani.

Siku hizo ndipo nilipofungua taarifa ambayo ramani hunitumia kila mwezi. Huonyesha watu wangapi waliona jina, na wangapi waliomba kuelekezwa njia. Mwezi uliotangulia niliisoma nikicheka kwa furaha. Safari hii niliisoma nikiwa nimekaa pale pale njia ilipoishia. Waliokuja nikiwapo niliwaona kwa macho. Wale wa kabla yangu, waliobonyeza njia, wakaifuata, wakakuta kufuli, siwajui. Sijui waliumwa nini wala walikwenda wapi. Mpaka leo nikisikia mtoto anakohoa kwenye foleni ya benki au msikitini, hujiuliza kama aliwahi kuletwa kwangu.

Kwa hiyo nikuase, mwanangu. Utakapoandika ukurasa wa duka au zahanati, usiwaze kwamba anayetafuta amekaa amestarehe. Mara nyingi ameshika simu kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mwingine, na jina la kwanza analoliona ndilo analolikimbilia. Kitu ambacho hakijafunguliwa kisiwe wazi kwenye ramani, hata kama kitafunguliwa kesho. Saa za kazi zibadilishe sikukuu inapokuja, usingoje mtu akulalamikie. Namba utakayoweka iwe ya mtu anayepokea. Kama wewe huwezi kupokea, tafuta anayeweza. Kabla hujabonyeza kuchapisha, nenda mpaka kwenye mlango wenyewe wa biashara, simama, yasome uliyoyaandika kwa sauti. Mama Rehema alinifanyisha hivyo kwa miaka, akinisikiliza mikono kiunoni, na neno lililonikwama tulilifuta. Na unapokuwa na shaka, uliza. Ona aibu, tetemeka, lakini uliza. Aibu yangu mimi ilikaribia kulipiwa na mtoto wa mtu.

Sikuombei uwe wa kwanza katika kila utafutaji. Nakuombea Mungu akulindie mkono wako kila unapoandika, awafikishe salama wote watakaokuamini bila kukujua, na hofu hii niliyokupa leo isikuue, lakini isikutoke. Amina.