Jina Nililokimbia Nalo Turffontein

Juzi nilipita Turffontein, mtaa wetu wa utotoni, ndugu yangu, nikashindwa kutulia. Nilikwenda kuchukua gauni kwa fundi, lakini miguu ikanipeleka hadi kwenye robot, taa za barabarani za karibu na uwanja wa mbio za farasi. Nikasimama pale, taa zikabadilika mara sita, saba, nisivuke. Hapo ndipo nilipokabidhiwa mwenge.

Nilikuwa na miaka kumi. Miezi michache kabla tulikuwa tumekimbia kutoka mtaa wa Alexandra, wageni kama sisi walipopigwa na nyumba zao kuchomwa moto, na mama bado alikuwa anafunga makomeo mawili hata mchana. Mwaka huo mwenge wa michezo ya shule ulizungushwa nchi nzima, mkoa kwa mkoa. Ulipofika mkoa wetu, kila shule ya njiani ilitoa mkimbiaji, na mwalimu akanichagua mimi. Mama aliposikia kwamba majina yatatangazwa kwa kipaza sauti, aliacha cherehani ikiwa na kitambaa chake, akaenda shuleni.

"Akitajwa Mwanaidi, mtaa mzima utajua tulikotoka," alimwambia mwalimu.

Wakakubaliana niitwe Thandeka, jina la Kizulu.

Jirani yetu hatukumwambia. Alikuwa mama wa Kikongo, msusi mwenye saluni karibu na robot ile, na ndiye aliyenisuka asubuhi ile, magoti yake yakinibana mabega, saluni ikinukia mafuta ya nywele na magwinya ya moto, maandazi ya huku yasiyo na iliki. Kila dakika nilikuwa nageuka kuchungulia barabarani, naye ananirudisha kichwa kwa kitana.

Mwenge ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, unanuka mafuta ya taa. "Thandeka!" kikatangaza kipaza sauti. Watu wakashangilia, na mama naye akapiga kigelegele, akaliita jina lile lile. Nikakimbia. Mara nikasikia sauti nyingine, imejaa furaha:

"Mwanaidi! Mutoto yetu! Kimbia, mama!"

Watu waligeuka kumtazama. Alisimama peke yake mlangoni pa saluni, kitana mkononi, akinipungia. Nikakaza macho mbele, nikampita kama simjui. Hakuna aliyemfanya lolote. Walicheka tu, wakarudi kuutazama mwenge.

Jioni alikuja kwetu.

"Haukunisikia?"

"Kelele zilikuwa nyingi, shangazi."

Alinitazama kidogo. Kisha akaufumua msuko mmoja uliolegea, akausuka upya.

Kabla mwaka haujaisha alirudi Lubumbashi. Saluni yake sasa ni duka la kutengeneza simu, na kijana wa mle ndani hajawahi hata kumsikia. Mama ametangulia mbele ya haki. Wanangu nikiwaita kwa Kiswahili hunijibu kwa Kizulu, na siwalaumu. Lakini siku ile ya juzi nilizunguka mtaa ule mara tatu, gauni kwapani, nikisoma vibao vya saluni kimoja kimoja, huenda siku moja alirudi. Nilitaka tu kumwambia kwamba nilimsikia vizuri.