Sufuria za Kariakoo Kwenye Klabu ya Gofu

Nikiikumbuka Jumapili ile, mwanangu, mpaka leo nacheka peke yangu, na mama yako huniuliza kama niko salama. Umekuja kuniuliza kampuni yenu ifanyie sherehe klabu ipi, hii yenye viwanja vya gofu au ile yenye bwawa la kuogelea, na picha umenionyesha mpaka macho yameniuma. Ni nzuri, sikatai. Sasa weka hiyo simu chini nikusimulie nilivyochagua mimi, halafu ukachague mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimeshuka kutoka Moshi na mashati mawili, nikaajiriwa kwenye shirika moja la umma lililosambaza vitu vya nyumbani: sabuni, sukari, vibiriti, khanga. Miaka ya Ujamaa hiyo, kila mtu ndugu. Meneja ndugu, dereva ndugu, hata yule anayekukata mshahara ni ndugu. Lakini shirika letu lilikuwa na nusu mbili. Ofisi ilikuwa Posta, ghorofani, kwenye mapazia na feni. Ghala lilikuwa Kariakoo, kwenye vumbi na mikokoteni, na huko ndiko kazi yenyewe ilikofanyika. Udugu wetu ulikuwa ukitoka Posta unaishia Mnazi Mmoja, pale katikati ya njia, unageuza.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefanya sherehe ya wafanyakazi wote hotelini. Wacha bwana! Watu wa ghala walionyeshwa meza za nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Wake zao walikaa kimya kwenye viti kama wanasubiri kuitwa na daktari, kila mmoja na sahani yake yenye kipaja cha kuku na viazi vitatu. Hotuba haijaisha, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mzee Kondo, nyapara wa wapakiaji, Mzaramo mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga tena sherehe ya ofisi. Na Kondo akisema, ghala zima limesema.

Basi mwaka huo Meneja Mkuu akaniita. "Safari hii mahali utatafuta wewe, kijana," akaniambia. "Lakini nikwambie mapema, ghala wasipokuja tena, mwakani kila mtu ale kwake. Mimi sitawabembeleza watu pilau."

Nilitoka mle na hofu. Sikuogopa kupoteza cheo, maana cheo chenyewe sikuwa nacho. Nilikuwa nimepanga chumba Msimbazi, mwanangu, nyumba moja na wapakiaji wale wale, tunachota maji bomba moja, mtoto wa huyu akiugua tunambeba wote. Mchana nafanya kazi na watu wa Posta, jioni narudi kwa watu wa ghala. Sherehe zikitengana, mimi ningekula upande gani? Nikaona lazima waje, hata kwa kuvutwa mkono.

Nikazunguka. Niliona ukumbi wa ufukweni, nikaona klabu nyingine yenye viwanja vya tenisi, mwisho nikafika klabu ya gofu, ile ya zamani iliyojengwa na wakoloni, ng'ambo kidogo ya Posta. Lo! Majani yamelala kama zulia, miti imejipanga, upepo wa bahari unakupepea bure. Nikajisemea, hapa hata Kondo atalainika. Nikarudi Msimbazi natembea na magari pembeni siyaoni.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Bi Mwanaisha, mjane, mzaliwa wa Kariakoo, mwanamke wa pwani aliyejaa khanga na maneno. Wapangaji wote tulimwita Bibi, naye mimi Mchaga aliniita Mangi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mangi wangu. Mbona meno yote nje?"

Nikamweleza. Majani, miti, upepo, viti vyenye mito. Alikuwa anapepeta kunde, hakuninyanyulia macho hata mara moja. Nilipomaliza akaniuliza, "Anapika nani?"

"Klabu wenyewe, Bibi. Wana wapishi wenye kofia nyeupe."

"Na mchele anachagua nani?"

Nikacheka. "Huo wanauchagua wao huko huko, sisi tunakwenda kula tu."

Akaweka ungo chini. "Basi Kondo haji. Hata ningekuwa mimi nisingekuja."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Akaendelea, sauti yake imeshuka, na akishusha sauti Bi Mwanaisha ujue anakusema kwelikweli. "Mangi, umekaa mtaa huu mwaka wa ngapi? Mtu akiwa na shughuli hapa anatuma kadi?"

"Hapana, Bibi. Anapita mlango kwa mlango, anaita watu waje kuchagua mchele na kumenya vitunguu saumu."

"Enhe! Shughuli inaanzia hapo. Aliyeitwa kwenye mchele, shughuli ni yake, hata akikosa nyama harudi amenuna. Asiyeitwa kwenye mchele ukamwita kwenye kula, umemfanya ombaomba. Mwaka jana mliwachukua watu wazima na wake zao, wamevaa nguo za Idi, mkawapeleka kuombaomba hotelini. Halafu mnashangaa wameondoka!"

Aibu ilinishika. Nikamwambia basi, gofu naiacha, tufanyie Mnazi Mmoja, tupike wenyewe pale uwanjani. Weee! Alinikata jicho mpaka nikarudi hatua nyuma.

"Mnazi Mmoja tunapita kila siku, kuna nini? Mimi nimezaliwa mji huu, nimezeeka mji huu, yale majani nayaona kwa nje ya ua tu. Nenda kule kule. Lakini kaombe tuingie na sufuria zetu."

Kesho yake nilikuwa mbele ya katibu wa klabu, bwana mmoja mpole aliyevaa soksi ndefu mpaka magotini. Nilipotaja kuni alishika kichwa. "Moto? Kwenye klabu ya gofu? Ndugu yangu, unajua majani haya tunavyoyalea?"

Nikamwuliza, "Jumapili mchana pale kwenye kokoto, pa kuegesha magari, panakuwa na magari mangapi?" Akageuka kuiangalia kokoto. Miaka ile mafuta yalikuwa shida, na Jumapili kuanzia mchana magari ya watu binafsi yalizuiwa barabarani. Wanachama wake walikuwa wamejifungia majumbani, klabu imelala. "Mafiga tutaweka kwenye kokoto," nikasema. "Jani hata moja halitaungua."

Akakuna kidevu. "Shida si moto peke yake. Wakija watu wa maofisi, viatu vya visigino vinanitoboa uwanja. Mwezi mzima nafukia mashimo."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoona Mungu ananipenda. "Wageni wangu," nikamwambia, "watatandika mikeka, na kwenye mkeka mtu havai viatu."

Alinitazama kama nimemletea mvua. Tukapeana mikono pale pale.

Kwa Mzee Kondo sikwenda na kadi. Nilikwenda na Bi Mwanaisha, jioni, hodi mlangoni. Bibi hakutaja gofu wala ofisi. Alisema tu, "Kondo, Jumamosi baada ya adhuhuri tunachagua mchele uani kwangu. Mkeo tunamtaka na ungo wake, wewe tunataka mikokoteni." Kondo aliniangalia juu mpaka chini. Akasema, "Kuni nitaleta mimi. Nyie watu wa Posta mtaleta za kutoa moshi."

Jumamosi hiyo uani kwa Bi Mwanaisha palijaa. Niliwaambia na wa ofisini, na wakaja, wengine kwa kuona haya. Mama mmoja wa uhasibu, mwenye wigi na kucha nyekundu, aliketishwa kwenye mkeka kati ya wake wa wapakiaji, akapewa ungo. Hakujua hata kupepeta, mchele ukaruka mpaka kichwani. Walimcheka, akacheka, na ilipofika alasiri alikuwa anajua majina ya watoto wao wote. Mbuzi walichinjwa na mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Mimi nilimenya vitunguu saumu mpaka vidole vikawaka moto, na raha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata ofisini.

Jumapili ikafika. Mwanangu, ungeona! Barabara haina gari hata la dawa, na Kariakoo inatembea. Mbele mikokoteni, juu yake masufuria makubwa yale ya shughuli, mikeka, magunia ya mchele, kuni za Mzee Kondo. Nyuma kina mama wamevaa khanga sare, watoto mabegani, mtu na ngoma yake. Tulivuka Mnazi Mmoja tukiimba, tukapita Posta, watu wanachungulia madirishani kuuliza harusi ya nani. "Yetu!" Bi Mwanaisha anawajibu. "Yetu sote!"

Tukafika getini. Mlinzi akanyoosha mkono. "Chakula na wapishi mlango wa nyuma, kwa uchochoroni."

Ngoma ikanyamaza. Mzee Kondo akashusha mkokoteni wake chini, taratibu, akanigeukia. Nikajua akigeuza ule mkokoteni wote watageuza, na hakutakuwa na mwaka mwingine. Koo lilinikauka. Lakini nilikuwa nimemenya vitunguu na watu hawa, ningeanzaje kuwaonyesha uchochoro?

"Hapa hakuna mpishi," nikasema kwa sauti ambayo mwenyewe sikujua ninayo. "Hawa wote ndio wenye shughuli. Fungua geti."

"Na masufuria?"

"Masufuria nayo yamealikwa!" Bi Mwanaisha akadakia.

Yule mlinzi alijitahidi kununa, akashindwa, kicheko kikamtoka. Akafungua upande mmoja, akaona mkokoteni haupiti, akafungua na wa pili. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nina hakika wavuvi huko baharini walivisikia. Bi Mwanaisha alivua makubazi yake, akayashika mkononi, akakanyaga majani. Akasimama pale machozi yanamtoka, nami nikajikuta nafuta yangu.

Meneja Mkuu alikuja kwa miguu kutoka Upanga, jasho linamtiririka kama kuli. Akaambiwa avue viatu aketi mkekani. Kuvua, soksi imetoboka, kidole gumba nje! Wapakiaji waliangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, akasogezwa kwenye sinia moja na Kondo, wakala kwa mkono. Siku hiyo ndiyo niliyomwona ni ndugu.

Baada ya kula watu wakataka Mzee Kondo aseme neno. Akasimama, akajifuta mikono polepole.

"Mwaka jana niliapa sitakanyaga sherehe ya ofisi," akasema. "Kiapo changu sijakivunja. Hii si ya ofisi. Hii ni yetu."

Akaketi. Nakwambia yale makofi! Meneja alisimama peku akipiga makofi juu ya kichwa. Mwaka uliofuata hakuna aliyeuliza kama ghala watakuja. Waliulizwa watu wa Posta kama watawahi kwenye mchele.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Klabu zote hizo ulizonionyesha zina majani, na majani hayajawahi kumkaribisha mtu. Kabla hujaulizia viti na vipaza sauti, mfikirie yule atakayejiona mgeni zaidi ya wote, labda dereva wenu, labda yule dada anayefagia ngazi mnazopanda. Nenda naye ukakague. Uliza ataingilia geti lipi. Uliza na kazi gani atapewa, ili siku ile aseme "yetu". Najua siku hizi mchele mnaununua umeshachaguliwa. Tafuteni wenu wa kuchagua, haukosekani. Na klabu ikikwambia watu wako wengine wapite nyuma, hata iwe na majani ya peponi, piga kona uondoke.

Haya, nenda. Mungu akujaze ujasiri wa kusema "fungua geti" siku koo litakapokukauka. Akupe wageni wanaokuja kwako na sufuria zao, na usiishie kuwafungulia upande mmoja. Amina.