Nilivyobishana na kaka yangu kuhusu samaki dume na jike, Tanga miaka ya hamsini

Salaam wakuu. Shikamoo zenu nimezipokea, umri wangu umepita themanini. Anayebonyeza simu ni mjukuu, maneno ni yangu, na hakuna nililoongeza chumvi.

Kaka yangu Abdalla alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani. Ili kuvuta wateja akaweka tangi la kioo lenye samaki watatu wadogo, jamii ya perege, waliotoka kijito cha Mwera.

Wawili waling'aa bluu. Mmoja kijivu, hana sura.

Abdalla akatangaza: wanaong'aa ni wake wawili, wamejipamba. Wa kijivu ndiye mume.

Wale "wake" wakawa wanang'atana mapezi kutwa. Wateja wanacheka, kaka anasema ni wivu wa uke wenza. Lile lilinichoma, mimi msichana wa miaka kumi na tisa ninayefagia duka lile kila siku.

Maana nilikuwa natazama. Wanaong'aa wote walikuwa na madoa ya njano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, na kila mmoja alilinda kona yake, mambo ya madume. Wa kijivu alikuwa akijificha tu.

Halafu wa kijivu akavimba koo, akagoma kula.

"Zuhura, mume kaugua. Kamtupe mtaroni."

"Kaka, huyo ni jike. Ana mayai mdomoni, nilimwona akiyaokota."

"Nani kakufundisha samaki? Kamtupe."

Nikamchukua kwa bakuli. Sikumtupa. Nikamweka uani kwenye beseni la kufulia, na vigae vya chungu ajifiche.

Mama akaniuliza, "Utagombana na kaka yako kwa samaki?"

"Ndiyo mama. Nitagombana."

Kule dukani, ndani ya wiki, mmoja wa "wake" akamuua mwenzake.

Siku chache baadaye yule jike akafungua mdomo, vikatoka vitoto vidogo kama punje za mtama. Nikabeba beseni mpaka dukani, mchana, wateja wamejaa. Nikapitisha mkono juu ya maji. Vitoto vyote vikakimbilia mdomoni mwa mama yao.

Wateja wakasogea kutazama.

Abdalla akasema kwa hasira, "Adabu gani hii, mbele za watu?"

Nikamjibu, "Wewe si ulimwita mume mbele za watu hawa hawa?"

Ikapita wiki. Kisha asubuhi moja akaniambia, bila kunitazama, "Tangi lipange wewe."

Nikaweka mawe na vigae vingi, kila mmoja apate pa kukimbilia. Vitoto vilipokua nikabakiza dume mmoja na majike wanne, ili ukali wake usimwelemee mmoja. Kufukuzana kulikuwepo, kuuana hakukuwepo tena.

Sikumwomba radhi mpaka alipofariki, na yeye hakuwahi kuidai.

Nilichojifunza: ukikariri kwamba aliyepambika ni mke, utaua samaki wako. Kaa utazame madoa, utazame nani anafukuza na nani anagoma kula.

Mnaofuga, wenu wanakaaje? Kubisha ruksa, ila sirudi nyuma.